Kaseti Nyekundu, DVD ya Bluu

Vijana, nawaona mnavyokaa mbele ya nyumba yangu hapa Hewa Bora na simu zenu. Mmoja anasema kopi yake ya filme ndiyo nzuri, mwingine anasema yake ndiyo bora, na mnabishana mpaka mate yanaruka. Kumbe mmoja anaangalia kwenye kioo kilichopasuka, mwingine amepunguza mwanga kwa sababu betri inakwisha. Mimi nawasikia nikiwa nyuma ya pazia, nacheka peke yangu. Ukuta huo mnaouegemea ulitoka kwenye kazi hiyo hiyo ya kupambanua rangi za filme. Kila tofali lake. Na sikuwa na cheti. Shule ilinitoa kabla sijamaliza ya msingi, au mimi niliitoa, sikumbuki vizuri nani alianza.

Nimeacha kazi nikiwa bado na nguvu na meno yangu yote. Wengine huacha kwa sababu wameshindwa. Mimi niliacha kwa sababu sikuona tena wa kushindana naye. Ulizeni mtaani Katuba. Semeni tu "Kuleri", wataonyesha njia ya kufika kwangu hata gizani.

Basi sikilizeni kwanza hili, maana bila hili mengine hayataingia. Filme moja haina rangi moja. Filme ikitoka kwenye kaseti kubwa ile ya zamani, kisha ikahamishiwa VCD, kisha DVD, kisha ikawekwa kwenye kadi ya simu, kila mara kuna mtu aliyekaa mbele ya mashine akaamua: hapa nitaongeza wekundu, hapa nitapunguza giza, hapa uso wa bibi arusi ung'ae. Sisi tuliita kazi hiyo kupika rangi. Ni chakula kile kile, lakini kimepikwa mara nne, na pengine wapishi wanne. Unategemea ladha iwe moja?

Neno hilo la kupika alilileta Papa Ilde. Nimeanza kuwaambia habari zake kabla ya kumtambulisha, lakini kazi yangu yote inaanzia kwake. Alikuwa mchoraji wa mabango Katuba. Vichwa vya watu kwenye kuta za saluni, samaki kwenye milango ya mikahawa, sura za marehemu kwa familia zisizokuwa na picha. Baadaye akanunua kamera akawa anapiga filme za arusi na matanga, akafungua nyumba ya video yenye mabenchi, na mwishowe akapika filme yake mwenyewe na watu wa kikundi kimoja cha maigizo cha mtaani. Iliitwa *Mukwe Juu ya Nyumba*. Mkwe anakuja kwa wakwe bila mbuzi aliyeahidi, anasikia sauti ya mama mkwe, anapanda juu ya paa la mabati kujificha, na anakaa huko mpaka watu wanamaliza kula. Watu walikuwa wakicheka mpaka mabenchi yanavunjika. Mimi ndiye niliyekuwa nayatengeneza.

Niliingia kwake kama mtu wa kubeba jenereta. Nilikuwa na mgongo, sikuwa na kitu kingine. Lakini macho yangu hayakupumzika, na Papa Ilde aliliona hilo. Siku moja aliniketisha mbele ya televisheni, tele yetu, akaniwekea kipande kirefu cha karatasi iliyotoka nyuma ya kalenda, na makopo yake ya rangi.

"Kuleri," aliniambia, yaani Rangi, na tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu, "fumba macho nusu. Ukiyafungula yote, utaona bantu na sura zabo. Mi sitaki uone bantu. Nataka uone rangi."

Namna yenyewe ilikuwa hii. Unaanzisha filme. Kila mara mahali panapobadilika, unasimamisha. Unafumba macho nusu mpaka picha inakuwa ukungu, mpaka nyumba na watu na mbwa vinakuwa rangi moja tu. Rangi hiyo unaichanganya kwenye kopo, unapiga mstari mmoja wa upana wa kidole. Unaendelea. Filme ikiisha, unayo mbele yako kama mkanda, mistari imesimama moja baada ya nyingine, kuanzia asubuhi ya kwanza ya hadithi mpaka mwisho. Kisha unaweka kopi nyingine ya filme ile ile, unafanya mkanda wa pili. Unailaza yote miwili sakafuni, mmoja chini ya mwingine. Hapo hata mtu asiyejua kusoma anaona: huu umekuwa mwekundu, huu umepauka, huu mtu amemwaga giza kwenye sehemu ya katikati.

Leo kompyuta inafanya mkanda huo kabla hujameza mate. Mpwa wangu alinionyesha. Nikamwambia vizuri, lakini kompyuta haikuambii ni mstari upi unaoangukia pale watu wanapokula. Mkono ukiuchora, unakumbuka.

Na yapo masharti. Tele iwe ile ile. Pazia lifungwe, saa iwe ile ile ya mchana. Vifungo vya tele visiguswe na mtu yeyote, hata mwenye nyumba. Na lazima utafute kwenye filme kitu ambacho unajua rangi yake bila kuuliza. Wazungu wana kadi zao nyeupe na za kijivu. Sisi tulikuwa na bukari, ugali wetu. Bukari ya mahindi matupu, isiyochanganywa na muhogo, hakuna cheupe kinachoizidi katika nyumba ya mtu wa Katanga. Katika filme yoyote ya kwetu, subiri watu wakae kula. Sahani ikifika mezani, simamisha. Bukari ikiwa na wekundu, basi filme nzima ina wekundu. Ikiwa kijani, kuna mtu amelala kwenye mashine.

Msidhani nilizaliwa najua. Kaseti zilikuwa zinatoka pande mbili wakati ule. Zilizotoka Ufaransa zilikuwa na mfumo wake wa rangi, na zile zilizovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia zilikuwa na mfumo mwingine. Ukiweka ya huku kwenye mashine iliyopangwa kwa ajili ya kule, picha inatoka nyeusi na nyeupe. Mimi sikujua. Nilipata kaseti ya mapigano, nikaiweka, nikaona haina rangi, nikaenda kuandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: Filme ya Zamani Kabisa. Watu walijaa. Mzee mmoja alivua kofia, akasema hii aliiona wakati wa Wabelgiji, akatuelezea hata mwisho wake, na alikosea. Katikati ya filme Papa Ilde akaingia, akaenda nyuma ya mashine, akabonyeza kitu. Ghafla nguo ya yule dada wa mapigano ikawa nyekundu kama nyanya. Ukumbi mzima ukainuka. Walifikiri tumefanya muujiza. Kwa wiki nyingi walikuwa wakiniomba nifanye vile tena kwenye filme nyingine, na mzee yule hakurudi.

Na mama mmoja wa Katuba alirudisha kaseti akidai tumempa filme ya wagonjwa, waigizaji wote wana homa ya manjano. Nilimwambia haiwezekani, kaseti hiyo nimeipima mimi mwenyewe. Aliniita mwizi mbele ya wateja. Nikapanda naye taksi-basi mpaka kwake. Tele yake ilikuwa ya zamani isiyo na rangi, na mumewe alikuwa amebandika juu ya kioo plastiki ile iliyokuwa ikiuzwa sokoni, bluu juu, manjano katikati, kijani chini, ili nayo ionekane tele ya rangi. Waigizaji walikuwa wamekaa sehemu ya katikati. Nilimwambia waigizaji wakisimama watapona. Hakucheka, lakini mumewe alicheka sana, na akawa mteja wangu mpaka leo tunasalimiana.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba filme inapita mahali pengi kabla ya kufika kwenye akili ya mtu. Kamera, mashine, waya, tele, plastiki. Nilidhani nimevijua vyote. Kuna kimoja nilikuwa bado sijakijua, na hicho karibu kimpoteze Papa Ilde.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshafungua atelie yangu ya kupika rangi. Papa Ilde alikuwa amezeeka, lakini alikuwa bado anapika filme za arusi nyumbani kwake Katuba, na hakumruhusu mtu kugusa rangi. Wafanyakazi wakate, waunganishe, waweke muziki. Rangi ni yake. Habari zilianza kunifikia kwamba kazi yake imeharibika. Maarusi walikuwa wanatoka bluu. Familia moja ilivaa kikwembe, kitenge cha rangi ya machungwa, wote sare, na kwenye DVD walionekana kama watu waliovaa majivu. Bibi arusi mwingine, mama yake alisema binti anafanana na mtu aliyetolewa mtoni. Wateja wakaanza kwenda kwingine. Wengine walikuja kwangu, na niliwapokea, sitadanganya.

Papa Ilde hakukubali kwamba ni yeye. Alimfukuza kazi kijana mmoja aliyemkatia picha, kisha akamfukuza wa pili, Trésor, ambaye alikuwa amekaa naye miaka na alikuwa kama mtoto wa nyumba. Alimwambia anaharibu rangi kwa makusudi akiwa amelipwa na washindani. Washindani maana yake mimi.

Mke wake, Mama Astrid, ndiye aliyenipigia simu. Alisema mzee anajikwaa kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe. Anasema taa za nyumba hazina nguvu. Juzi alitaka kuvuka barabara, kidogo gari limgonge. Mama Astrid alimwambia waende hospitali ya macho mjini, mzee akakasirika, akasema jicho haliguswi. Kaka yake mkubwa aliyefanya kazi kwenye reli aliingia hospitali na jicho moja bovu, akatoka akitembea na fimbo. Tangu hapo Papa Ilde alikuwa amefunga mjadala. "Wewe anakusikia," Mama Astrid aliniambia. Nilimjibu kwamba Papa Ilde hajawahi kumsikia mtu. Alisema jaribu.

Nilikwenda na sababu nyingine mkononi. Watu wengi walikuwa wanataka *Mukwe Juu ya Nyumba* kwenye simu, na kaseti ya kwanza kabisa ya kamera ilikuwa imeliwa na ukungu. Ilibaki kuchagua katika zile kopi zilizouzwa kwa watu majumbani: ya kaseti, ya VCD au ya DVD, tuanze na ipi? Nilimwambia nitafanya mikanda ya rangi ya zote tatu, kama alivyonifundisha, kisha tutachagua pamoja. Hilo alilipenda. Lakini alisema mapema kwamba DVD ndiyo yenyewe, kwa sababu aliipika mwisho akiwa na uzoefu wote.

Niliifanya kwenye tele yangu, pazia limefungwa. Mkanda wa kaseti ulitoka na wekundu kidogo, ule wa vumbi letu la kiangazi, jinsi ninavyokumbuka filme ilivyokuwa siku ya kwanza kwenye mabenchi. Mkanda wa VCD ulikuwa umepoa. Mkanda wa DVD ulikuwa baridi kabisa. Vumbi limekuwa kijivu, mabati ya paa yamekuwa bluu kama shati la mwanafunzi, na pale kwenye chakula, mstari wa bukari ulikuwa wa bluu. Niliuchora mara mbili nikidhani nimekosea kopo.

Mtu mwingine angesimama hapo akasema mzee amesahau kazi. Mimi siye mtu wa kusimama hapo. Nilimtafuta Trésor, nikamwomba arusi moja aliyoipika mwenyewe kwa siri kwenye kompyuta ile ile ya Papa Ilde, kioo kile kile, siku mzee alipokuwa na malaria. Nikafanya mkanda wake. Ulikuwa sawa, vikwembe vina rangi yake, bukari ni bukari. Basi mashine ilikuwa nzima. Kioo kilikuwa kizima. Nilirudi na mikanda yangu imekunjwa chini ya kwapa, bila jibu, na nikafika kwa Papa Ilde saa ya chakula.

Mama Astrid alikuwa ametandika. Sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, samaki wa kukaanga, na bukari imepanda kwenye sahani kama kilima, nyeupe mpaka inameremeta. Papa Ilde akaiangalia, akaisukuma.

"Astrid, tena hii bunga ya jaune? Nilikuambiaka usiletake tena."

"Baba, bunga ni ile ile. Gunia iko pale, enda uangalie."

"Nko naona na macho yangu."

Mama Astrid akanigeukia mimi. "Kuleri, baba yako ananichokesha. Kila siku bukari ni jaune. Hata Yezu akisaga yeye mwenyewe, huyu atasema ni jaune."

Ninyi mnaokula wali na tambi hamtaelewa ni tusi gani. Unga wa manjano kwetu ni chakula cha kuku, au cha miaka ya njaa. Kumwambia mwanamke amekupikia unga wa manjano ni kumwambia hakujali. Walikuwa wamegombania jambo hilo kwa muda mrefu, hata watoto wao wakubwa walikuwa wameitwa kuamua. Mimi nilikuwa na tonge mkononi na sikulila. Niliiangalia bukari, nyeupe. Nilimwangalia yeye akiiona ya manjano. Nikafikiria mstari wa bluu niliouchora mara mbili.

Kama kitu cheupe unakiona cha manjano, utafanya nini ukiwa na vifungo vya rangi mbele yako? Utaongeza bluu, kidogo kidogo, mpaka kiwe cheupe tena machoni pako. Wewe utaona umetengeneza. Wengine wote wataona umeharibu. Papa Ilde hakuwa amesahau kazi. Alikuwa anaifanya vizuri kabisa, ila kuna kitu ndani ya macho yake kilikuwa kimepaka rangi kabla yake. VCD kidogo, DVD zaidi, arusi za sasa zaidi sana. Mikanda yangu haikuwa ya filme peke yake. Nilikuwa nimechora macho ya mzee yakififia mwaka hadi mwaka.

Baada ya chakula nikaomba sakafu. Nilitandika mikanda mitatu, mmoja chini ya mwingine, mwanzo kwa mwanzo, na sikuandika jina kwenye hata mmoja. Nikamwomba anionyeshe bukari iko wapi.

Aliinama, akatafuta mahali pa chakula, akaweka kidole. Kwenye DVD.

"Hii hapa. Nyeupe yenyewe. Hizi zingine mulichovya mu chai."

"Baba, ile ni bleu," Mama Astrid alisema polepole.

"Bleu gani?"

"Bleu sawa sabuni."

Akamwangalia mkewe, akaniangalia mimi. "Kuleri alikupatia nini?"

Alikuwa anatania, lakini nusu tu. Nikaona maneno hayatafika. Mezani kulikuwa na pakiti ya biskuti za wajukuu, ile ya karatasi ya plastiki ya manjano inayopitisha mwanga. Nikaikata vipande. Nikawasha tele, nikaweka DVD yake, nikasimamisha pale watu wanapokula. Nikampa Mama Astrid kipande aweke mbele ya macho. Akaweka, akashtuka. Alisema sasa filme imekuwa nzuri, bukari imekuwa nyeupe, watu wamepata damu. Akakitoa, akasema imerudi bluu. Mimi nikafanya vile vile, nikasema vile vile. Kisha nikampa Papa Ilde kipande chake.

Akaweka. Akatoa. Akaweka tena, akatoa. Alikisogeza karibu, akajaribu jicho moja, akajaribu jingine. Alikuwa mchoraji tangu ujana, alijua vizuri kipande cha manjano kinatakiwa kufanya nini kwa picha.

"Haibadilike," alisema.

Alikaa kwenye kiti na kile kipande cha pakiti kwenye paja.

"Unataka kusema mi nko kipofu?"

"Apana, Papa. Nasema macho yako inatangulia kupika. Ile unapikaka nyuma yake, njo bantu banaona."

Nilitegemea hasira. Alichoniuliza ni kingine kabisa. Aliuliza: "Sasa Trésor, nilimufukuza juu ya nini?"

Mama Astrid alisema Trésor anaweza kurudi, hayuko mbali, yuko pale pale Katuba anauza vocha za simu. Papa Ilde alitikisa kichwa kama mtu anayefikiria jambo jingine. Mwisho akasema: "Kaka yangu alitoka na fimbo." Alilisema kwa sauti ya chini, akiwa ameangalia mikanda, wala hakulisema kwa kubishana. Mama Astrid akamwambia kaka alichelewa sana kwenda, na wewe unataka kuchelewa kama yeye. Hilo alikuwa ameshamwambia mara nyingi. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na kipande cha pakiti kwenye paja lake.

"Utanipeleka weye," aliniambia. "Sitaki muntu mwingine."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye haraka. Alimulika, akaandika, akaeleza kwamba kile kioo kidogo cha ndani ya jicho kimezeeka na kuwa cha manjano, karibu kahawia. Kitatolewa, kitawekwa kingine, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Tungengoja zaidi, alisema, kingefunga kabisa. Nilimtolea mikanda yangu nikidhani ataita wenzake waje kuona. Aliiangalia kwa adabu, akasema wachoraji na washonaji huwa wanakuja na visa kama hivyo, akaita mgonjwa anayefuata. Sawa. Si kila mtu anajua kuona kazi kubwa.

Jicho la kulia likafanywa. Walipoondoa bandeji, Papa Ilde alisema kitu cha kwanza alichoona ni ukuta wa bluu. Ulikuwa wa bluu kweli. Aliguna tu. Njiani alikuwa anataja rangi za milango ya maduka kwa sauti, kama mtoto anayesoma vibao. Nyumbani hakutaka kupumzika. Aliomba apikiwe bukari, akaiangalia, akamwangalia Mama Astrid, akala yote. Mama Astrid alikaa akimtazama anavyokula mpaka sahani ikabaki tupu.

Kisha akaniambia niweke DVD.

Ilipoanza alisogeza kiti karibu na kioo. Ile asubuhi ya kwanza ya filme, uwanja wa nyumba ya wakwe, lile vumbi la kijivu. Mkwe anapanda juu ya paa.

"Nani alifanya hii?"

"Ni weye, Papa."

Akafunika jicho jipya kwa kiganja. Akakaa hivyo. Akahamisha kiganja kwenye jicho bovu. Akarudisha tena. Katika maisha yangu nimelinganisha kopi nyingi za filme, nimetumia tele mbili, nimetumia mikanda, nimetumia kompyuta ya mpwa wangu. Sijawahi kuona mtu akilinganisha kopi moja na yenyewe.

"Huku iko muzuri," alisema, kiganja kikiwa kulia. Akahamisha. "Huku bote banakufa na baridi."

Sasa kikaja kitu kilichotutisha. Siku ya jicho la pili ilipokaribia, alikataa kwenda. Mama Astrid alinipigia simu akilia, akasema woga umerudi, habari ya kaka na fimbo imerudi. Nilifika nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilimkuta amekaa mbele ya tele, leso imekunjwa mara nyingi na kufungwa juu ya jicho lake jipya, akiangalia arusi. Kando yake kulikuwa na rundo la DVD, kazi zote za miaka ile. Trésor alikuwa amerudi, ndiye aliyekuwa akimbadilishia.

Nikamuuliza kama anaogopa. Alisema haogopi. Alisema daktari angoje kidogo, kwa sababu jicho lile likishatolewa, hakuna mtu duniani atakayeweza tena kuziona filme zile zikiwa sawa. Wote mnaziona bluu, alisema. Mimi nilizipika vizuri. Nataka kuziona zote, kisha nitakwenda.

Tulimwachia. Daktari naye, nilipomweleza kwa simu, alisema wiki chache hazitadhuru. Kila siku baada ya chakula, leso juu ya jicho, aliangalia arusi za watu, matanga ya watu, wakati mwingine akicheka, wakati mwingine akimsifu bibi arusi kwa sauti. Mwisho akaiweka *Mukwe Juu ya Nyumba*. Tuliiangalia pamoja, yeye na rangi zake, sisi na zetu.

Asubuhi niliyokwenda kumchukua, Trésor aliuliza kama tuanze kuzipika upya DVD zile za arusi kwa ajili ya wateja. Papa Ilde alisema ndiyo, zote, watu wapate rangi za vikwembe vyao, na asilipishwe mtu. Na filme yako, nikamuuliza, hiyo DVD?

"Ile mutaiacha," alisema. "Kwa simu mutie ya kaseti. Lakini ile musiiguse. Miaka ile yote, njo vile nilikuwa naonaka."

Sikubishana. Kwa mara ya kwanza nilikubaliana na kopi mbaya.

Hospitalini alishuka kwenye gari bila kunishika mkono. Tukakaa kwenye benchi, jina lake likaitwa, muuguzi akafungua mlango akiwa na chupa ndogo ya dawa ya matone, akamuuliza leo ni jicho gani.

"Ile ya DVD," Papa Ilde alisema, akaingia.

Muuguzi akanigeukia mimi. Nikamwambia: "La kushoto."